Bunduki ya babu Ukerewe, imeandikwa "Mod.71". Naomba msaada kuitambua

Mjukuu wa Nansio

Wakuu, habari zenu. Wiki iliyopita tulikuwa tunabomoa nyumba ya baba yake babu, hapa kisiwani Ukerewe. Juu ya ukuta, chini ya bati, fundi akakuta kitu kirefu kimeviringishwa kwenye ngozi ya mbuzi na kipande cha tanga la mtumbwi. Kukifungua, bunduki.

Baba mdogo ameogopa, anataka tuipeleke ziwani usiku tukaizamishe. Kaka yangu ni seremala, yeye ameshanunua msasa na vanishi, anataka aing'arishe aitundike sebuleni. Nimewaomba wote wawili wasubiri.

Nimeipima kwa futi kamba, ina sentimita 124. Mdomo wa mtutu ni mpana, kalamu ya wino inapita na kuchezacheza. Upande wa kulia kuna mkono wa chuma ulionyooka, wenye kichwa cha mviringo, na umeganda kwa kutu. Chini hakuna kiboksi cha risasi. Maandishi niliyoweza kusoma ni "Mod.71" kwa herufi za kupindapinda, halafu kuna taji, na chini yake "...ZIG". Vyuma karibu vyote vina namba 47, ila huo mkono una 12.

Jambo jingine, sijui kama linahusu. Bibi ana miaka 83. Anasema mwaka wa Mapinduzi ya Unguja, yeye akiwa mkwe mgeni, huyo mzee, baba yake babu, alipanda meli kwenda Mwanza mjini. Aliporudi alisema Wazungu walimpa ufagio, akaushika, wakampa pesa. Watu walidhani ni uzee. Mpaka anakufa alikuwa anasema hivyo hivyo.

Mchimbaji_Geita

Hiyo gobori ni alama, mkuu. Mjerumani alipokimbia alizika rupia. Usimwambie mtu, chimbeni hapo hapo chini ya ukuta. Bunduki yenyewe tafuta Mzungu, hutakosa milioni kadhaa.

Fundi Mstaafu, Igoma

Mjukuu wangu, nimekaa ghala la silaha jeshini miaka 26, na hizi za zamani ndizo ninazozipenda kuliko zote. Kwanza usalama. Huo mkono ulioganda usiulazimishe, usiugonge na nyundo, wala usiumwagie mafuta ya taa. Huwezi kujua kama ndani kuna risasi, na baruti iliyokaa miaka mia bado inawaka. Ilaze, mdomo uelekee ukutani pasipo na watu, watoto wasiingie humo.

Nimsahihishe Mchimbaji kidogo. Hiyo si gobori. Gobori unaishindilia baruti kwa mdomo. Hii inapakiwa kwa nyuma, unainua mkono, unauvuta, unaweka risasi moja, unafunga. Ni Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya kwanza ya ndugu wawili wa ukoo wa Mauser kupokelewa na jeshi la Ujerumani. Ina milimita 11, ndiyo maana kalamu yako inacheza. Ungekuwa na Mauser ya 1898, mtutu wake ni milimita 7.92 na kalamu isingepita, tena tumboni inabeba risasi tano. Ya Mwingereza, Lee-Enfield, ungeijua kwa kiboksi cha risasi kumi kinachoning'inia mbele ya kifyatulio.

Urefu nao unasema. Ya askari wa miguu ilikaribia sentimita 135. Yenye 124 ni ile fupi ya vikosi vya askari wepesi walioitwa wawindaji, na ndiyo waliyoipokea askari wetu wa Schutztruppe, jeshi la Mjerumani huku koloni. Hiyo "ZIG" naisoma Danzig, kiwanda cha silaha cha serikali. Mji huo leo uko Poland, unaitwa Gdańsk.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza 1914 askari wengi huku bado walikuwa na hii. Baruti yake ni nyeusi. Ukipiga mara moja, wingu jeupe linasimama juu ya kichwa chako na adui anajua ulipolala. Mwaka 1915 meli Rubens ilifika Ghuba ya Manza, karibu na Tanga, ikiwa na bunduki mpya, na nyingine zilitekwa kutoka kwa Waingereza. Hizi za moshi zikateremkia kwa ruga-ruga, wapiganaji wa kienyeji waliosaidia jeshi hilo.

Namba 12 kwenye mkono maana yake umetoka kwenye bunduki nyingine. Mkusanyaji wa Ulaya atashusha bei kwa hilo. Mimi linanigusa, kwa sababu kuna fundi kama mimi alikaa gizani na bunduki mbili mbovu akatengeneza moja nzima.

Sasa ufagio. Babu yenu hakuwa amechanganyikiwa! Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari wa zamani mishahara yao ya vita, na malipo yalifanyika hapa Mwanza. Inasimuliwa kwamba walikuja wazee kama 350 na wachache tu walikuwa na cheti. Basi kila mmoja akapewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani aushike kama bunduki. Hakuna aliyekosea. Mwambie bibi leo hii, usingoje kesho.

Ila kuna kitu hakikai sawa. Askari waliomaliza vita walikabidhi silaha Novemba 1918 kule Abercorn, Mbala ya leo, nchini Zambia. Waingereza waliichukua Ukerewe Juni 1916 na Mwanza Julai. Kwa hiyo bunduki hii ilibaki kisiwani wakati huo, na babu kama alilipwa, yeye aliendelea na safari. Nani aliificha? Muulize bibi.

Msasa hapana. Msasa unakula maandishi, na maandishi ndiyo bunduki. Vanishi hapana, inafunga unyevu ndani ya mti. Ipangusie vumbi kwa kitambaa kikavu, basi. Piga picha kila namba, na uipige picha ile ngozi pia. Kisha nenda kwa mtendaji wa kijiji na kituo cha polisi, wewe bila bunduki, uwaombe waje wenyewe. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haijali kutu, kila silaha inataka kibali. Usiivushe kwenye meli na usiiuze. Andika barua mapema, uombe ikishafanywa isiweze kufyatua ipelekwe Makumbusho ya Taifa na jina la mzee wenu. Na kuchimba rupia acheni, nimeona nyumba nzuri ikianguka kwa tamaa hiyo.

Mjukuu wa Nansio

Shikamoo mzee. Nimemsomea bibi habari ya ufagio mara mbili. Amelia, halafu ameomba nimsomee tena.

Anasema bunduki ilikuwa ya mdogo wake huyo mzee, ruga-ruga, aliyekufa kwa homa Waingereza walipofika. Mama yao ndiye aliyeifunga kwenye ngozi. Mzee aliporudi kutoka vitani aliikuta juu ya ukuta na hakuigusa.

Kaka amerudisha msasa dukani. Polisi wanakuja kesho asubuhi. Picha nimepiga 31, na bibi ameomba ibaki kwenye ngozi yake mpaka wafike.