Naomba ushauri: nimeingia AGORA maktabani, lakini makala zinadai malipo

Ndugu na dada, jambo kwenu. Niko Bukavu, naandika memwari ya agronomia juu ya mnyauko wa migomba, na nimekwama.

Maktaba ya chuo imejiandikisha Research4Life, mpango unaofungulia vyuo vya nchi zenye kipato kidogo majarida ya kisayansi, ambamo AGORA ndiyo sehemu ya kilimo. Kongo iko katika kundi A, kwa hiyo chuo hakilipi kitu. Jina na neno la siri ni moja kwa chuo kizima, mkutubi ndiye anayelitoa. Kuingia kunakubali, orodha ya majarida inaonekana, lakini nikibonyeza makala, mara nyingine tovuti ya mchapishaji inaniomba kadi ya benki. Nyingine zinafunguka vizuri kabisa.

Tayari nimefanya haya: kila mara naanzia kwenye lango lenyewe, siyo Google, maana ukitokea Google mchapishaji hatambui chuo chako. Nimefuta kuki, nimebadilisha kivinjari, nimezima VPN. Nimejaribu pia asubuhi mapema, kabla chumba cha kusomea hakijajaa na mtandao haujalegea. Matokeo ni yale yale, na mega zinaisha bure. Hilo linaniumiza kweli.

Naomba mnisaidie mawili. Nitajuaje kabla ya kubonyeza kwamba jarida fulani halimo katika ruhusa yetu? Na kwa makala zilizofungwa, ni vema nimwandikie mtafiti mwenyewe nikimpa DOI (namba ya kutambulisha makala), au nimwombe mkutubi aitafute kwenye maktaba nyingine?

Aksanti sana.