Mtoto wa miaka miwili na miezi mitatu haongei: kuna haja ya kumpeleka kwa daktari bingwa wa maendeleo ya watoto?

MamaKifunguaMimba
Habari zenu wapendwa. Mwanangu wa kwanza ana miaka miwili na miezi mitatu. Maneno aliyonayo hayafiki matano, na lile "mama" alilokuwa akiniita kabla hajatimiza mwaka na nusu siku hizi silisikii kabisa. Akitaka kufunguliwa chupa hanyooshi kidole wala haniangalii. Anaushika mkono wangu, anauweka juu ya mfuniko, macho yote kwenye chupa. Kigari chake anakigeuza matairi juu, anazungusha tairi moja huku akilitazama kwa pembe ya jicho, na nisipomtoa hapo hatoki. Nikimwita mara nyingi hageuki, lakini mlango wa friji ukifunguliwa anakuja mbio.

Dokta wetu wa watoto anashauri twende kwa bingwa wa maendeleo ya watoto, na foleni yake ni ya miezi. Mume wangu anaona tunajitafutia ugonjwa. Mama mkwe anasema hata baba wa mtoto alichelewa kuongea. Mliowahi kwenda, kuna tija?

SubiraNjema
Pole mpendwa. Kila mtoto na wakati wake. Wa dada yangu alikaa kimya hadi miaka mitatu, sasa hivi hanyamazi. Mpe muda.

BabaPacha
SubiraNjema, nakuheshimu, ila hapa sikubaliani nawe. Kuchelewa ni jambo moja, kupoteza neno ulilokuwa nalo ni jambo jingine. Mtoto wa umri wowote akiacha kusema alichokuwa anasema, hapo hatusubiri. Nenda dada, na umwambie dokta hilo la "mama" kabla ya mengine yote.

MwalimuWaMaongezi
Nafanya tiba ya maongezi kwa watoto, kwa hiyo naona upande wa pili wa hizi foleni.

Anza na masikio, na usisubiri bingwa kwa hilo. Omba kipimo kamili cha kusikia. Mlango wa friji haututhibitishii kitu, maana mtoto mwenye majimaji nyuma ya ngoma ya sikio anaweza kusikia kishindo na bado asishike sauti laini kama "s" na "f". Hali hiyo huja na kuondoka, ndiyo maana wazazi husema "akitaka anasikia".

Kuhusu bingwa, dokta wa kawaida ana dakika chache na mtoto mwenye homa. Bingwa anakaa chini na mtoto. Anapuliza mapovu, kisha anaacha na kusubiri aone kama mtoto atamtazama, atanyoosha kidole au atamvuta mkono. Anauliza mimba ilikuwaje, alizaliwaje, analalaje, kama ana degedege, na nani mwingine kwenye ukoo ana hali kama hii. Usonji (autism), yaani tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na tabia, hauonekani kwenye damu. Unatambuliwa kwa historia na kwa kumtazama mtoto. Kazi yake ni kutenganisha: ni lugha tu, ni usonji, ni kuchelewa kwa ujumla, au kuna ugonjwa nyuma yake? Mimi naweza kumfundisha kuomba maji, ila hilo la kutenganisha siliwezi peke yangu.

Kwa sasa mwombe dokta wenu awape mjaze dodoso la M-CHAT-R, la kuchuja dalili za usonji. Lina maswali 20, kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, kwa hiyo bado yumo. Likionyesha hatari haina maana kwamba ana usonji, ina maana achunguzwe zaidi. Na tafadhali, tiba ya maongezi inaanza hata kabla jina la tatizo halijapatikana. Nimepokea watoto waliokaa bure muda wote wa foleni, na inaniuma kila mara.

Nuru_ya_Nyumba
Mimi nilikwenda na sikuambiwa jambo ambalo mtaalamu wa maongezi hakuwa amelihisi. Mazoezi yale yale. Kilichobadilika ni ile ripoti: shule ilianza kutusikiliza, na baba watoto akaacha kubishana nami kwa sababu aliulizwa maswali yeye mwenyewe na akajijibu. Mchukue mumeo muende wote.

MamaKifunguaMimba
Asanteni sana. Nimeomba kipimo cha masikio na jina letu limeshaingia kwenye foleni. Wasiwasi wangu ni kwamba siku hiyo atalia tu na daktari hataona ninayoyaona nyumbani.

MwalimuWaMaongezi
Mrekodi kwa simu: akila, akicheza peke yake, akiitwa jina akiwa amekupa mgongo. Vipande vifupi vinatosha. Kama una video za zamani anaposema "mama", zitafute na uzibebe, tarehe zake zitamsaidia sana daktari. Na uombe jina lake liwe pia kwenye orodha ya nafasi zinazoachwa na wengine, huwa zinatokea.