Wikiendi moja ya kukagua mitaa kabla ya kuhamia mji mgeni: nianzie wapi?

Habari wanajukwaa. Nahamia kikazi mji nisioujua. Nina Ijumaa hadi Jumapili tu za kutafuta mtaa wa kupanga. Nimeshachagua mitaa 7 kwenye ramani. Nina watoto wawili wa shule, gari sina. Nikague nini ambacho picha za madalali hazionyeshi?

Jibu 1
Mitaa 7 ni mingi mno, utaishia kuona barabara. Ipunguze ibaki 3 kabla hujasafiri. Kwenye Google Maps weka safari ya kwenda kazini kwa usafiri wa umma, kisha badilisha muda wa kuondoka uwe Jumatatu saa 1 asubuhi. Ukiacha muda wa sasa, utapata majibu ya saa hiyo unayotafuta, siyo ya asubuhi ya kazi.

Hapo ndipo wikiendi inapowadanganya wengi. Fika Ijumaa mapema, nenda hadi lango la kazini, na saa 11 jioni panda usafiri pamoja na wanaorudi makwao. Hesabu mlango hadi mlango: kutembea, kusubiri, kubadilisha gari. Ukiweza kubaki hadi Jumatatu asubuhi, baki.

Shule hufungwa Jumamosi, kwa hiyo piga simu mapema wiki hiyo uulize nafasi za madarasa ya watoto wako.

Jibu 2
Naongezea maji, maana ndiyo yanayosumbua baada ya kuhamia. Fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja, kinga ndoo ya lita 10. Ikichukua zaidi ya dakika 2 kujaa, presha ni ndogo. Uliza pia kama mita ya maji na ya umeme ni yako peke yako. Mita ya pamoja huzaa ugomvi kila mwezi.

Kuhusu mafuriko, tazama kuta na uzio wa nyumba kadhaa, siyo moja. Alama ya tope iliyonyooka kwa kimo kilekile nyumba hadi nyumba ni maji yaliyotuama. Rangi mpya iliyopakwa sehemu ya chini tu ya ukuta nayo itilie shaka, kisha kaangalie mitaro kama imeziba.

Simu ijaribu chumbani, mlango na madirisha yakiwa yamefungwa, kati ya saa 2 na saa 4 usiku watumiaji wakiwa wengi. Zege nene hukata mawimbi.

Jibu 3
Lala ndani ya mtaa wenyewe, siyo katikati ya mji. Usiku wa Jumamosi utajua kelele, ila usiuhukumu mtaa kwa usiku huo pekee. Uliza siku za kazi hali ikoje.

Dalali hulipwa ukikubali, kwa hiyo muulize mlinzi, muuza duka na wapangaji. "Hapa pakoje?" hujibiwa "pazuri tu". Uliza: maji yalikatika lini mara ya mwisho, yakarudi baada ya siku ngapi? Mpangaji aliyetoka alihama kwa nini?

Na usitoe pesa ya kushikia chumba kabla hujaingia ndani na kumjua mwenye nyumba, hata ukiambiwa kuna mwingine anakuja jioni.