Malalamiko: Wakala wa mizigo ametupa maboksi ya modeli zangu tatu za magari, kisha amenitoza ujazo wa maboksi hayohayo

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Nilijizuia siku nne nzima nisiandike uzi huu, nikitumaini kwamba hasira ingepoa na kwamba wakala husika angenipigia simu mwenyewe, lakini hasira haikupoa na simu haikupigwa. Niliagiza kutoka Japani modeli tatu za magari za kuunganisha, kila moja ikiwa ndani ya boksi lake lililofungwa kiwandani, na nilichokabidhiwa hapa Arusha ni mfuko mmoja mweusi wa nailoni, wa aina ile iliyopigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, ambao ndani yake plastiki za magari yote matatu zimechanganywa kama mtu aliyemwaga mchele, mtama na kunde kwenye ungo mmoja. Maboksi hayapo. Karatasi za maelekezo hazipo, isipokuwa nusu ya moja.

Kwa wasioifahamu hobi hii naomba nieleze kidogo, kwa sababu wakala wangu naye hakuifahamu na ndipo balaa lilipoanzia. Modeli ya kuunganisha haiji ikiwa gari. Inakuja ikiwa vipande vingi vya plastiki, aghalabu vinapita mia moja, vilivyoshikamana na fremu jinsi ndizi zinavyoshikamana na mkungu. Kila fremu ina herufi yake, A, B, C na kuendelea, na kila kipande kina namba yake pembeni. Karatasi ya maelekezo hukuonyesha kwamba kipande A12 kinakaa juu ya C4, na kwamba kabla ya kukibandika ukipake rangi fulani. Sasa mimi nina fremu A tatu na fremu B tatu, na vipande kadhaa vimekwisha kuchomoka na kuziacha namba zao kwenye fremu. Kipande kisicho na namba, chenye ukubwa wa punje ya mchele, kinaweza kuwa kitasa cha mlango, kinaweza kuwa mkono wa waipa, na kinaweza kuwa cha gari lolote kati ya hayo matatu.

Magari yenyewe sikuyachagua ovyo. La kwanza ni Toyota Hiace ya kiwanda cha modeli cha Aoshima, ya kipimo cha 1:24, yaani gari halisi limepunguzwa mara 24. Hiace halisi ya umbo lile ina urefu wa mita 4.695, kwa hiyo modeli yake haifiki sentimita 20, na nilikusudia kuigeuza kifodi, yaani daladala ya hapa Arusha, cha njia ya Kwa Mrombo, pamoja na mstari wake wa rangi ubavuni na ule mkwaruzo wa bampa ambao sijaona kifodi cha mjini kwetu kisichokuwa nao. La pili ni Land Rover 109 ya kiwanda cha Italeri, ya kipimo hichohicho. Hiyo 109 ni inchi za kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, yaani takriban sentimita 277, ambazo kwenye modeli zinakuwa sentimita 11 na nusu. Kwa ajili ya gari hilo nilishinda Jumamosi mbili katika karakana moja ya magari ya watalii, nikiwatazama mafundi wanavyokata bati la paa, wanavyochomelea bomba na kuweka paa la kuinuka ili mgeni asimame kutazama simba, na nimejaza kurasa sita za daftari kwa vipimo nilivyogawanya kwa 24 kimoja baada ya kingine. La tatu ni Datsun 240Z ya kiwanda cha Hasegawa, lile gari jekundu lenye boneti nyeusi ambalo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally ya mwaka 1971, enzi ambazo mashindano hayo yalikuwa bado ya Afrika Mashariki nzima. Marehemu baba yangu hakuwahi kumaliza kutusimulia habari za magari ya Safari na vumbi lake. Gari hilo lilikuwa la kuweka kabatini chini ya picha yake.

Nije kwenye uharibifu, na nianze na kioo cha mbele cha Hiace, maana hicho ndicho kilichonifanya nitoke nje nikazunguke uani kabla sijasema neno baya mbele ya watoto wa jirani. Kilifika kimepasuka kona ya kulia. Kupasuka peke yake ningekuvumilia, kwa kuwa barabara ni ndefu na mizigo hutupwa. Lakini mtu fulani, sijui ni huko ghalani au ni hapa, alikiona kimepasuka, akakionea huruma, akakiunganisha kwa supa gluu. Kila anayeshughulika na plastiki angavu anajua maana ya jambo hilo: supa gluu inapokauka hutoa mvuke, na mvuke huo hutua juu ya plastiki iliyo karibu ukaacha utando mweupe, mfano wa pumzi kwenye dirisha asubuhi ya Julai, ila huu haufutiki kwa kitambaa. Ndiyo sababu sisi vioo tunavibandika kwa gundi nyeupe ya maji, ile ya mbao, ambayo ikikauka huwa angavu yenyewe. Utando umetambaa hadi kwenye vioo vya milango ya pembeni. Nimekaa nacho usiku mzima, msasa wa maji namba 2000 na baadaye dawa ya meno, njia ambayo imewahi kuniokolea vioo viwili vilivyokwaruzwa, na utando umepungua kiasi. Lakini katikati kabisa, mahali ambapo dereva angetazama barabara, imebaki alama ya kidole gumba na mistari yake yote, nyeupe, safi, unaweza kuihesabu. Wapelelezi wa polisi huutumia mvuke huohuo wa supa gluu kuibua alama za vidole, na mimi nimeletewa ushahidi mpaka nyumbani bila kuuomba.

Stika za Datsun zimekunjwa mara nne. Hizi si stika za kubandua na kubandika. Ni utando mwembamba mno uliochapwa juu ya karatasi yenye gundi. Unaukata, unaulowesha majini kwa nusu dakika, kisha unautelezesha taratibu juu ya bodi iliyokwisha kupakwa rangi. Mahali palipokunjwa utando umekatika, na ukiingia majini utaachana vipande vipande. Ndugu mmoja amenishauri kwa nia njema nikachapishe nyingine kwa mtu wa stesheneri. Nimshukuru, lakini printa za kawaida hazina wino mweupe, zinautegemea weupe wa karatasi, na maandishi meupe juu ya boneti nyeusi hayawezi kupatikana kwa njia hiyo. Bila stika zile sina gari la Safari ya 1971. Nina Datsun nyekundu.

Nilipokwenda ofisini kwao nilikuwa na adabu zangu zote. Binti wa mapokezi alinisikiliza, akaingiza mkono kwenye mfuko, akainua fremu moja, akaitazama juu na chini, kisha akaniambia, "Mzee wangu, si wewe mwenyewe uliandika kwamba magari yanakuja vipande vipande?" Nikamwambia, "Mwanangu, vipande vilivyotoka kiwandani ni kitu kimoja, na vipande vilivyovunjwa ni kitu kingine." Akacheka, akasema vitu vyenyewe ni vya watoto na mtoto atafurahi tu. Mtoto wangu wa mwisho yuko mwaka wa pili chuoni. Hakuwa na ubaya yule binti, na simlaumu sana, kwani bosi wake ndiye aliyenimaliza. Huyo kwenye simu alinieleza kwa sauti ya mtu anayetoa msaada kwamba utaratibu wao ni kutoa maboksi yote yenye "nafasi tupu" ili kumpunguzia mteja gharama, na kwamba ilinipasa nishukuru.

Hapo ndipo nilipoomba risiti niitazame upya, na hapo ndipo malalamiko haya yalipoacha kuwa ya uzembe.

Mizigo ya ndege hupimwa kwa njia mbili, uzito wa mizani na uzito wa ujazo. Huu wa pili hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 6,000, ingawa wapo wanaogawanya kwa 5,000, na uzito uliozidi mwingine ndio unaolipiwa. Sina ugomvi na kanuni hiyo, kwa sababu ndege hujaa kabla haijalemewa. Risiti yangu inasema maboksi matatu, kila moja sentimita 38 kwa 24 kwa 7. Zidisha mwenyewe: 6,384, ambazo ukigawanya kwa 6,000 ni kilo moja na ushei kwa boksi, kilo 3.19 kwa yote, wakapandisha hadi 4. Kilo moja kwao ni shilingi 38,000, nikalipa 152,000. Nikauchukua mfuko ule mweusi nikaupeleka kwa mzee wa bucha hapa mtaani, akaufuta mzani wake vizuri, akaupima mbele ya wateja wawili: kilo 1.3. Hata wangeipandisha kuwa kilo 2, gharama ingekuwa shilingi 76,000. Kwa hiyo walipima maboksi, wakanitoza maboksi, wakayatupa maboksi, na nusu kamili ya fedha yangu imesafirisha hewa ambayo hata hiyo sikuletewa. Kama nia ilikuwa kunipunguzia gharama, kilichopungua ni kipi?

Niliposoma tarakimu hizo kwenye simu, bosi alinyamaza kidogo, kisha akasema mtandao unasumbua.

Najua baadhi yenu mtaniambia boksi ni karatasi tu. Kwa mjenzi boksi ndilo duka, ndilo stoo na ndilo meza. Fremu nilizokwisha kuanza kukata hukaa humo miezi hadi nizimalize, na picha ya ubavuni ndiyo inayonionyesha rangi za kila upande. Kwa mkusanyaji ni zaidi ya hapo: gari dogo la 1:64 ambalo halijawahi kutolewa kwenye pakiti yake lina bei yake, na hilohilo likitolewa lina bei nyingine ya chini. Matchbox ya Uingereza, chapa ya magari madogo kama hayo iliyoanza mwaka 1953, hata jina lake ni kiboksi cha kiberiti.

Wengine mtaniambia maelekezo yanapatikana mtandaoni, na ni kweli, kuna tovuti kama Scalemates ambako watu huweka nakala za karatasi hizo, nami nimekwisha kuzitafuta. Zitanisaidia kujua A12 inakaa wapi. Hazitaniambia A12 hii niliyoishika ni ya gari gani, wala hazitarudisha kioo. Na wapo watakaoniambia hata forodha inaviita vitu hivi midoli. Hilo nalikubali bila ubishi: katika orodha ya forodha inayotumika duniani, modeli za magari ziko kwenye kifungu cha 9503 pamoja na wanasesere na baiskeli za watoto za magurudumu matatu, na kodi yangu nimelipa, ile ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ikiwemo. Lakini kifungu cha forodha hakimpi msafirishaji ruhusa ya kufungua mali ya mtu. Aliyekabidhiwa boksi lililofungwa hulifikisha likiwa limefungwa, awe amebeba dawa au amebeba mwanasesere.

Ninachodai nimekiandika kwenye barua niliyoipeleka ofisini kwao juzi na kusainiwa kupokelewa: shilingi 76,000 za ujazo usiokuwepo, na fidia ya Hiace na ya stika za Datsun. Land Rover sijaidai, kwa sababu imenusurika, ukiacha tairi la akiba, lile linalolala juu ya boneti. Inapaswa kuwa na matairi matano ya mpira, nami nimepata manne, na nimekwisha kupekua mfuko hadi kwenye mishono.

Kwa hiyo naomba msaada wa wenye uzoefu. Mliopo Arusha na Moshi ambao mnaagiza modeli, au hata vyombo vya udongo na vitu vingine vinavyoumia, mnamtumia nani, na mnaandika nini kwenye maelezo ya mzigo hadi boksi likafika na gundi ya kiwandani ikiwa haijaguswa? Jina la wakala huyu sitalitaja hapa hadi nijibiwe barua yangu, na msinitumie ujumbe wa kuliuliza. Yule binti wa mapokezi amenipigia leo asubuhi kwa simu yake mwenyewe, akaniuliza tairi lina ukubwa gani, kwa sababu kuna kitu cheusi cha mviringo wamekiokota chini ya meza na walidhani ni kifuniko cha chupa. Nimemwambia, mwanangu, usikibandike popote kwa supa gluu, nakuja kukichukua.