Kuh: Swali la dini kwenye fomu ya usajili wa makazi, Ujerumani

Ndugu wanajumuiya,

Mwenzetu aliyehamia Köln ameuliza kwa nini fomu ya kusajili makazi inataka kujua dini yake, ilhali alikwisha ambiwa kwamba nchi hii haina dini ya taifa. Swali hilo, ndugu yangu, ni la kodi.

Ni kweli kwamba Ujerumani haina kanisa la dola. Sharti hilo liliandikwa katika Katiba ya Weimar ya mwaka 1919, na ibara ya 140 ya Katiba ya sasa, ya mwaka 1949, ikalirithi. Lakini masharti hayo hayo yanaziruhusu jumuiya za kidini zenye hadhi ya shirika la umma kuwatoza waumini wao kodi, na kwa mwajiriwa kodi hiyo hukatwa kwenye mshahara pamoja na kodi ya mapato na kupitia idara ya kodi ya serikali. Dini na dola hapa zilitalikiana bila kugawana vyombo vyote.

Kiwango ni asilimia 9 ya kodi ya mapato, wala si ya mshahara kama wengi wanavyodhani, isipokuwa Bavaria na Baden-Württemberg, ambako ni asilimia 8. Anayekatwa euro 300 za kodi ya mapato kwa mwezi ataongezewa takriban euro 27. Mimi nilijaza fomu hiyo haraka haraka, nikaja kuiona Kirchensteuer, yaani kodi hiyo ya kanisa, kwenye hati ya mshahara wakati nimekwisha ipangia fedha hiyo matumizi mengine. Ndugu zetu Waislamu hawaikuti kodi hii. Misikiti yao hutegemea michango.

Wapo wanaoshauriana kuandika kwamba hawana dini ili wasikatwe. Kwa Mkatoliki ushauri huo ni mbovu, kwa kuwa ubatizo alioupata nchini kwao unatambuliwa hapa. Anayetaka kujitoa hufanya hivyo rasmi, na huko kwenu Köln ni mbele ya mahakama ya mwanzo, Amtsgericht, lakini ajue kwamba kwa amri ya maaskofu wa Ujerumani ya mwaka 2012 aliyejitoa hapokei sakramenti. Uamuzi huo ni wa Kanisa, na serikali haiuingilii.

*

Nashukuru kwa maelezo, kaka. Naongeza la watoto, maana ndilo lililotusumbua sisi. Somo la dini limo katika ratiba ya shule za serikali kwa mujibu wa ibara ya 7 ya Katiba, nanyi wazazi mna haki ya kumwondoa mtoto kwa barua. Akitimiza miaka 14, sheria ya mwaka 1921 inampa mwenyewe uamuzi wa dini yake. Binti yetu alituletea barua ya kujiondoa aliyokwisha itia saini, na baba yake, ambaye ni mzee wa kanisa, hakuwa na pa kukatia rufaa.