Ulinganisho: Baiskeli ndani ya ndege, ulipe ada ya mzigo wa michezo, uifupishe, uitume mapema au ukodi nyingine?

MwendaMbali (mwanzilishi wa mada)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninajiandaa kwa safari ya wiki tatu nikiwa na baiskeli ya barabarani, na kwa siku kadhaa sasa nimekuwa nikilinganisha ada ambazo mashirika ya ndege hutoza kwa vifaa vikubwa vya michezo. Kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyogundua kwamba nalinganisha vitu visivyolingana. Shirika la kwanza lina ada maalumu ya baiskeli kwa kila upande wa safari, uwe na begi jingine au usiwe nalo. La pili linaihesabu baiskeli kuwa begi la kawaida mradi isizidi kilo 23, lakini nauli yake ya chini kabisa haina begi hata moja. La tatu halina ada ya baiskeli kabisa, ila linapima kilo zako zote kwa pamoja na kila kilo inayozidi inalipiwa.

Naona njia nne mbele yangu: kulipa ada na kusafiri na boksi langu kubwa, kuifupisha baiskeli iingie katika sanduku la vipimo vya kawaida, kuituma mapema kama shehena, au kuiacha nyumbani na kukodi nyingine huko niendako. Boksi langu lina urefu wa sentimita 140, kimo cha sentimita 80 na upana wa sentimita 25, na likiwa na baiskeli ndani lina kilo 19.

Nauliza kwa msisitizo kwa sababu safari iliyopita ilinitia hasara. Nilikata tiketi mbili za mashirika mawili kwa kuwa jumla ya nauli ilikuwa nafuu, na ada ya baiskeli nikailipa mara nne: mara mbili wakati wa kwenda na mara mbili wakati wa kurudi. Katika kiwanja cha kubadilishia ndege, karani alilitazama boksi, akainua simu, kisha akaniambia kwamba ndege ya siku hiyo ni ndogo na mlango wa sehemu ya mizigo hauwezi kulipitisha. Mimi niliondoka, baiskeli ilinifikia siku mbili baadaye. Nilikuwa nimelipia mzigo lakini sikuwa nimewekewa nafasi ya mzigo, na kabla ya siku hiyo sikujua kwamba hayo ni mambo mawili.

KaraniMstaafu

Ndugu MwendaMbali, pole sana kwa yaliyokupata. Nilifanya kazi kwenye kaunta ya kupokelea mizigo kwa miaka mingi, na hilo ulilolitaja mwishoni abiria wengi hulifahamu wakiwa wameshasimama mbele ya mizani, wakati ambapo karani mwenyewe hana uwezo mkubwa wa kuwasaidia.

Unavyochanganyikiwa na takwimu hizo ni haki yako, kwa sababu mashirika hutumia mifumo miwili. Katika mfumo wa vipande, tiketi inakupa idadi ya mabegi, na kila begi lina mipaka miwili: uzito, ambao kwa daraja la kawaida huwa kilo 23, na jumla ya urefu, upana na kimo, ambayo kwa kawaida haipaswi kuzidi sentimita 158. Jumla ya boksi lako ni sentimita 245. Pasipokuwa na kanuni maalumu ya vifaa vya michezo, boksi hilo linaweza kutozwa mara mbili katika risiti moja, kwanza kwa kuwa begi la ziada, kisha kwa kuwa kubwa kupita kiasi. Kanuni ya vifaa vya michezo, pale ilipo, ndiyo inayoiondoa ada hiyo ya pili. Mwezi Mei 2019 American Airlines ilifuta ada ya dola 150 iliyokuwa ikitozwa kwa vifaa vingi vya michezo na vya muziki vilivyozidi ukubwa, na Delta ikafanya vivyo hivyo mwezi Julai mwaka huo. Tangu hapo abiria wao wenye baiskeli wakawa wanalipa kama wenye begi la nguo, mradi uzito usizidi.

Katika mfumo wa uzito, tiketi inakupa kilo, tuseme 30, nawe unazigawa upendavyo. Boksi lako la kilo 19 na begi la kilo 11 vinaenea humo bila ada yoyote, ingawa mashirika mengi ya mfumo huu nayo huweka kikomo cha ukubwa wa kipande kimoja. Hatari yake ni kilo za ziada, kwa sababu zinapolipiwa kiwanjani bei ya kilo moja huwa kubwa mno, na abiria anayezidisha kilo nane anaweza kulipa zaidi ya ile ada maalumu aliyokuwa akiikimbia. Kuhusu kilo 32 kwa kipande kimoja, huo si mpaka wa kununuliwa. Umewekwa kwa ajili ya migongo ya wapakiaji, na mzigo unaouzidi hurudishwa upunguzwe hata kama mwenye mzigo yuko tayari kulipa.

Sasa tiketi. Ukiwa na tiketi moja inayounganisha mashirika kadhaa, kwa kawaida kanuni za mizigo za shirika moja ndizo zinazotumika safari nzima, na kwa safari zinazoanzia au kuishia Marekani jambo hilo ni takwa la kisheria. Ukiwa na tiketi mbili una mikataba miwili, ada mbili na madawati mawili ya malalamiko, na kila upande utakuelekeza kwa mwenzake. Angalia pia ni shirika gani hasa litakalorusha ndege, kwa maana jina lililo juu ya tiketi na jina lililo ubavuni mwa ndege yanaweza kutofautiana. Baada ya kukata tiketi, wasiliana nao uwape vipimo na uzito wa boksi, uombe nafasi yake iandikwe kwenye kumbukumbu ya tiketi yako, na uombe uthibitisho wa maandishi utakaouchapisha na kuubeba. Karani aliye kazini saa kumi usiku hatakumbuka ulichoahidiwa kwa simu, lakini karatasi ataisoma.

SandukuDogo

Mimi nimeitumia njia ya pili kwa muda mrefu na bado naipenda, ingawa si ya kila mtu. Fremu yangu ni ya chuma na ilikatwa na fundi katika sehemu mbili, kwenye bomba la juu na bomba la chini, kisha zikaungwa viungio vya chapa ya S&S vinavyofungwa kwa spana maalumu. Sanduku lake lina sentimita 66 kwa 66 kwa takriban 25, yaani jumla ya 157, na limechaguliwa hivyo kwa makusudi ili lipite chini ya ule mpaka wa 158. Kaunta wananiuliza kuna nini ndani, nawaambia ni baiskeli iliyofunguliwa, na mara nyingi linapokelewa kama begi lolote lile.

Msifikiri ni kazi ya dakika kumi. Upepo unatolewa wote, magurudumu yanawekwa kila moja upande wake wa sanduku, spoki za moja zikielekea ndani, na kati yake nusu mbili za fremu zinapangwa kwa mfuatano ambao ukiukosea mfuniko haufungi. Kila bomba nalivisha kitambaa kinene, kwa sababu rangi huchubuliwa na chuma kinachosugua chuma safari nzima. Kwangu kufunga kunachukua saa moja na nusu, na kufungua saa moja. Siku ya kurudi, nikiwa nimechoka na mikono ina grisi, huwa natamani lile boksi kubwa.

Fremu ya kaboni iliyokwisha kutengenezwa haikatwi namna hii, kwa hiyo kama baiskeli yako ni ya kaboni njia hii ina maana ya kununua fremu nyingine. Mwenye kuridhika na magurudumu madogo anaweza kutazama baiskeli ya kukunjwa ya Brompton, ambayo ikikunjwa ina sentimita 64.5 kwa 58.5 kwa 27, jumla yake 150, ikabaki nafasi ndogo ya sponji na sanduku lenyewe. Jihadharini tu na uzito, kwa kuwa sanduku gumu pekee linaweza kula sehemu kubwa ya zile kilo 23.

MawimbiMarefu

Nachangia kwa upande wa bodi za kuteleza kwenye mawimbi, maana ada zake zina mtego ambao wenye baiskeli hawaujui. Bodi ni nyepesi. Kinachoisumbua ni urefu. Mashirika mengine yanahesabu begi zima kuwa kipande kimoja hata likiwa na bodi tatu, mengine yanatoza kwa kila bodi, na ada zote mbili katika jedwali zimeandikwa kwa jina lile lile. Wanaosafiri na vifaa vya kuteleza kwenye theluji wamepata nafuu zaidi, kwa kuwa mashirika mengi huhesabu begi la skii pamoja na begi la viatu vyake kuwa kipande kimoja. Kwa hiyo unapolinganisha, usiishie kwenye jedwali. Soma maelezo yaliyo chini yake, ambako ndiko linakoelezwa neno "kipande" lina maana gani.

ShehenaKwanza

Ndugu mwanzilishi, ukifikiria kutuma mapema, sahau zile kilo 19. Kampuni za usafirishaji hulipisha uzito halisi au uzito wa ujazo, ule ulio mkubwa. Zidisha vipimo vyako: 140 kwa 80 kwa 25 ni sentimita za ujazo 280,000. Kampuni za kupeleka vifurushi kwa kawaida hugawanya kwa 5,000, hivyo boksi lako litalipiwa kilo 56. Shehena ya kawaida ya ndege hugawanywa kwa 6,000, ikawa kama kilo 47. Ukifanikiwa kupunguza kimo kwa sentimita 10 tu, utaokoa kilo 7 katika hesabu ya kwanza, na ndiyo maana mimi huutoa uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, hata kama boksi lingeutosha.

Kuna pia forodha. Baiskeli unayoingia nayo wewe mwenyewe kwa kawaida huchukuliwa kuwa mali ya msafiri. Ile inayotangulia peke yake inaweza kuhesabiwa kuwa bidhaa iliyoagizwa, ikashikiliwa mpaka karatasi zikamilike. Timu zenye vifaa vingi hutumia hati ya ATA, inayoruhusu vifaa kuingia kwa muda katika nchi zinazoitambua na kutoka bila kulipiwa ushuru, lakini kwa baiskeli moja gharama na dhamana yake havilipi. Mimi naishauri njia hii kwa mtu anayehama au anayebaki miezi kadhaa. Kwa wiki tatu sioni faida yake.

MwendaMbali

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Hesabu ya ujazo imenifumbua macho, na njia ya tatu naiweka kando. Fremu yangu ni ya kaboni, hivyo ya pili nayo imeondoka. Naomba mnisaidie upande ambao sijauona ukitajwa katika jedwali lolote la ada: boksi likifika limevunjika, ile ada niliyolipa inanipa haki gani?

FundiWaGia

Ada haikupi haki ya ziada. Haki inatokana na mkataba wa usafiri. Kwa safari nyingi za kimataifa unatawaliwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao unaweka ukomo wa fidia ya mizigo kwa kila abiria. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 ukomo huo ni vizio 1,519 vya Haki Maalumu za Kuchota (SDR), kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, takriban dola 2,000 za Marekani. Ni kwa abiria mmoja, boksi na begi lako la nguo vikihesabiwa pamoja, na baiskeli nyingi za mashindano zina thamani kubwa kuliko hiyo. Mkataba unakuruhusu kutangaza thamani kubwa zaidi wakati wa kukabidhi mzigo na kulipa nyongeza ikihitajika, lakini linganisha nyongeza hiyo na bima ya kujitegemea kabla ya kuamua.

Muda ni mfupi. Malalamiko ya uharibifu yafikishwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipopokea mzigo, na ya kuchelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Kesi yenyewe ifunguliwe ndani ya miaka miwili. Usitoke kiwanjani kabla ya kulifungua boksi, hata kama nje linaonekana zima. Mwaka jana nililetewa baiskeli ambayo boksi lake halikuwa na mkwaruzo, ila sikio la fremu linaloshika gia ya nyuma lilikuwa limepinda ndani kiasi cha upana wa kidole, kwa sababu boksi lililazwa ubavu na mizigo mingine ikawekwa juu. Mwenyewe aligundua siku ya nne, alipopanda mlima na gia ikaingia kwenye spoki. Ifungue gia hiyo ya nyuma, uifunge kwa sponji ndani ya pembetatu ya fremu, na kati ya miguu ya uma uweke kipande cha kuizuia isibonyee.

Jambo moja kuhusu betri, kwa kuwa wengine watasoma hapa. Betri ya lithiamu isiyozidi wati-saa 100 haina shida ikiwa mkononi, ya kati ya 100 na 160 inahitaji idhini ya shirika, na inayozidi 160 haipandi ndege ya abiria. Betri za baiskeli za umeme karibu zote zinazidi hapo, na hakuna ada inayoweza kubadilisha hilo.

MpandaWaKukodi

Kwa wiki tatu kukodi kutakugharimu zaidi. Kwa siku nne au tano nisingebeba boksi hata kidogo. Jumlisha ada ya kwenda na kurudi, ongeza usafiri wa boksi kati ya kiwanja na malazi, kisha ugawanye kwa idadi ya siku ambazo kweli utaendesha. Ukichagua kukodi, beba pedeli, viatu na tandiko lako, na uandike kimo cha tandiko kutoka katikati ya ekseli inayoshika mikono ya pedeli. Vitu hivyo vina kilo mbili hivi na vinaifanya baiskeli ya mtu mwingine ivumilike.

MwendaMbali

Nimeamua. Nimekata tiketi moja ya shirika la tatu, la kilo, ingawa nauli yake ilikuwa kubwa kuliko zote nilizoziona mwanzoni. Nilipoziongezea nyingine ada za pande zote mbili, ndiyo iliyokuwa ndogo. Usiku nililifungua boksi tena, nikatoa viatu, zana na chupa, nikashusha uma, na sasa lina kimo cha sentimita 72 na kilo 17. Niliwatumia vipimo hivyo kwa barua pepe, wakajibu kwamba nafasi imeandikwa kwenye tiketi kwa ndege zote mbili za kwenda. Kwa kurudi wamethibitisha ndege ya kwanza tu. Ya pili inarushwa na shirika mshirika na bado wanasubiri jibu lake. Likifika nitaliweka hapa pamoja na aina ya ndege.