Zamu ya Jumamosi: Makumbusho ya Mtaa, Jinja

Katibu: Habari za jioni jamani. Mzigo umefika: ngoma mbili (mojawapo engalabi, ile ndefu), lubugo (kitambaa cha gome la mti), kyanzi (chombo cha mbao cha maziwa) na kifuniko chake, mkuki, bahasha ya picha. Tunaanza saa tatu asubuhi. Wapya ni wanne.

Mama Tausi: Nije na sabuni na matambara?

Mwalimu: Sabuni ibaki nyumbani, Mama Tausi. Njoo na penseli. Kitu hakiguswi kwa kitambaa kabla hakijapigwa picha na kuandikwa daftarini. Ule moshi ndani ya kyanzi uliwekwa makusudi na wenye maziwa. Ukiusugua, umefuta nusu ya tunachotaka kuonyesha.

Katibu: Mzigo huu ni wa tatu mwaka huu, kwa hiyo namba ni 2025.3, halafu ya kitu chenyewe. Ngoma .1 na .2, lubugo .3, kyanzi .4a na kifuniko .4b, mkuki .5, picha kuanzia .6. Kifuniko kikikosa namba yake, mwakani kitakuwa juu ya chombo kingine.

Kijana wa Zamu: Namba naandika kwa makapeni (kalamu nene ya wino) juu ya mbao?

Mwalimu: Weee! Wino wa makapeni unazama kwenye mbao, hautoki tena. Kwenye kyanzi, paka chini ya kitako tone la Paraloid B-72 (plastiki angavu ya kupaka) iliyoyeyushwa kwa asetoni, eneo dogo kama kucha. Ikauke, andika kwa wino mweusi, ikauke tena, paka juu yake mara ya pili. Madirisha wazi, asetoni inalevya. Rangi ya kucha usiitumie, inageuka njano na kubanduka na namba yake. Ngoma na mkuki tunafunga kibandiko kwa uzi wa pamba. Lubugo tunashonea utepe mdogo pembeni, mishono miwili mitatu, si zaidi.

Fundi Seremala: Chini ya engalabi nimeona unga mweupe.

Mwalimu: Hapo umenisaidia, Fundi. Iweke juu ya karatasi nyeusi, peke yake, mbali na vingine. Unga mpya ukidondoka ndani ya siku chache bila ngoma kuguswa, basi wadudu wako hai ndani wanabungua. Unga wa zamani hutoka tu ukitikisa.

Mama Tausi: Si tupulize dawa ya mbu?

Mwalimu: Hapana. Inaacha madoa, haifiki kwenye matundu, na sumu inabaki kwa atakayeishika kesho. Tena mwulizeni aliyeleta kama ngozi zilipuliziwa kitu. Vitu vya zamani vingi vilipakwa DDT, sumu ya wadudu. Mpaka tujue, glavu na barakoa.

Kijana wa Zamu: Na friza ya hapo dukani, baridi iwaue wadudu?

Mwalimu: Lubugo ndiyo, engalabi la. Ngozi ya engalabi imewambwa na kushikwa kwa vigingi. Baridi ikiivuta inachanika pale pale kwenye vigingi. Ifunge kwenye kavera (mfuko wa plastiki), tuwaulize wataalamu wa makumbusho ya Kampala. Lubugo uifunge kwa kitambaa safi, kavera mbili, kamua hewa, ziba kwa selotepu. Digrii 18 chini ya sifuri, wiki mbili. Ikitoka, kavera isifunguliwe siku nzima, maana umande ukifanyika ufanyike nje, si kwenye lubugo.

Fundi Seremala: Umeme ukikatika?

Mwalimu: Ndiyo balaa lenyewe. Joto likipanda, hesabu ya siku inaanza upya. Weka kipimajoto ndani na karatasi mlangoni ya kuandika kila kukatika.

Hajati: Lubugo msiikunje. Ni gome la mti wa mutuba lililopondwa, halikufumwa, kwa hiyo penye mkunjo ndipo litakapopasuka. Izungushieni bomba la karatasi linalobaki kwenye maduka ya vitambaa, mlivike foili kwanza, halafu marekani iliyofuliwa mara mbili kwa maji moto ili wanga utoke. Na kwenye maelezo ya ukutani andikeni sawasawa: UNESCO iliitangaza kazi ya kutengeneza lubugo kuwa urithi wa utamaduni 2005, ikaingia kwenye orodha yake ya urithi usioshikika 2008. Watu wanachanganya hiyo miaka kila mara.

Kijana wa Zamu: Picha mbili zimegandana.

Hajati: Usizivute mwanangu! Ziweke bahasha moja, namba zote mbili juu. Nyingine zishike pembeni kwa glavu, piga skani kwa doti 600 kwa inchi. Penseli laini nyuma, pembezoni, kwenye meza ngumu. Zile za mgongo wa plastiki hazishiki penseli, andika kwenye bahasha. Majina yafuate kushoto kwenda kulia, na lililosimuliwa tu liandikwe "inasemekana".

Mwalimu: Mkuki ni glavu pia. Jasho lina chumvi, alama ya kidole inageuka kutu.

Katibu: Hati ya kukabidhi bado haina sahihi. Je, ni zawadi au ni mkopo? Wajukuu wakija kudai ngoma, daftari peke yake halitatutetea.

Fundi Seremala: Naipitishia saini kesho jioni, namfahamu mwenyewe.

Mama Tausi: Mimi marekani basi. Mita ngapi?

Hajati: Nne. Ikifuliwa inarudi.